Zawadi Iliyofungwa kwa Hesabu

Stima zikizimika katika nyumba ya kupanga pale Kimbo au Kihunguro, jambo la kwanza ni kuchungulia nje kuona kama ni tokeni zimeisha au ni Ruiru nzima iliyo gizani. Zikiwa ni tokeni, mpangaji anatuma pesa kwa M-Pesa kwenye nambari ya malipo ya Kenya Power, 888880, na punde ujumbe unaingia: nambari ya mita, tarehe, yuniti, kiasi kilicholipwa, na katikati yake tarakimu 20. Anazibonyeza kwenye kile kifaa kilichobandikwa ukutani, kinalia, taa zinawaka. Ni wachache wanaojiuliza mita imejuaje kwamba pesa zimelipwa. Mita nyingi za aina hii hazina laini ya simu wala mawasiliano yoyote na ofisi. Zina ufunguo wa siri tu, na zile tarakimu 20 ni ujumbe uliofumbwa kwa ufunguo huo. Mita inaufumbua, inasoma yuniti, inaachilia umeme. Jirani akibonyeza tarakimu zilezile kwenye mita yake haambulii kitu, kwa kuwa ufunguo wake ni mwingine.

Utaratibu huo unafuata kanuni ya kimataifa iitwayo STS, na mwaka 2024 Wakenya walikutana nayo bila kuitafuta. Kila tokeni hubeba muda ilipotolewa, ukihesabiwa kwa dakika tangu Januari 1993, na nafasi iliyotengewa hesabu hiyo ni biti 24. Biti 24 hubeba dakika milioni 16.7 na ushei, haziwezi zaidi. Dakika hizo zilikwisha tarehe 24 Novemba 2024, na kabla ya siku hiyo mita zilizokuwa zikifuata hesabu hiyo kote duniani ilibidi zibadilishwe ufunguo. Ndiyo sababu wateja wa Kenya Power walioenda kununua umeme walitumiwa mafungu matatu ya tarakimu 20 badala ya moja, mawili ya kwanza yakiwa ya kubadilisha ufunguo wa mita. Nchi nzima ilikuwa ikifanya kazi ya usimbaji jikoni na koridoni, na hakuna aliyeiita hivyo.

Haya yanafaa kukumbukwa kila vijana wa Ruiru, Juja na Thika wanapoambiana habari za mafumbo ya hesabu yenye Bitcoin ndani yake. Mafumbo hayo yapo kweli. Pesa zipo, zinaonekana na kila mtu, na atakayefumbua anazichukua bila kuulizwa cheti, kabila wala jina la mzazi. Jambo hili linastahili kuchukuliwa kwa uzito na watu wazima, hasa na vyuo vilivyopangana kando ya barabara ya Thika. Likiachwa mtaani linabaki mikononi mwa matapeli, na matapeli wameshalishika.

Fumbo maarufu kuliko yote lilianza tarehe 15 Januari 2015. Mtu ambaye hadi leo hajajitambulisha alituma muamala mmoja uliogawanya takriban Bitcoin 33 kwenye anwani 256. Ufunguo wa siri wa Bitcoin ni nambari tu, ila kwa kawaida ni nambari kubwa mno, kiasi kwamba kuibahatisha ni kazi isiyo na mwisho. Mtu huyu alizipunguza nambari zake makusudi. Ufunguo wa anwani ya kwanza ni 1. Wa pili ni 2 au 3. Wa tatu uko kati ya 4 na 7, wa nne kati ya 8 na 15, na kuendelea vivyo hivyo, kila hatua ikiongeza uwanja wa kutafuta mara mbili. Anwani za mwanzo zilifunguliwa upesi. Baadaye mwenye fumbo aliondoa sarafu kwenye anwani zote zilizopita ya 160, akazihamishia kwenye zilizobaki, na mwaka 2023 zawadi zikaongezwa tena mara kumi, jumla ikakaribia Bitcoin 1,000. Alipojitokeza mara moja kueleza nia yake, bila kutaja jina, alisema hakuna mpangilio wowote wa siri ndani yake. Alichotaka ni kipimo cha nguvu ya dunia ya kuvunja funguo.

Maelezo hayo yangebandikwa kwenye kila saiba ya mjini. Kuna vijana wanaokesha wakitafuta mpangilio katika funguo zilizokwisha kupatikana, wakiamini zinazofuata zinaweza kutabirika, kama wengine wanavyokaa na matokeo ya mechi za wiki iliyopita. Mwenye fumbo mwenyewe ameshasema mpangilio huo haupo.

Fumbo la 66 linastahili kutazamwa kwa karibu. Ukubwa wake unakaribiana na ule wa tokeni ya stima, kwa kuwa tarakimu 20 ni sawa na biti 66 na kidogo. Funguo zinazoweza kuwa jibu ni zaidi ya 36 ikifuatwa na sifuri 18. Mashine inayojaribu funguo bilioni 1 kila sekunde, bila kulala, ingehitaji zaidi ya miaka 1,100 kuzimaliza zote. Watu waliunganisha kadi za grafiki nyingi, wakagawana uwanja, na Septemba 2024 ufunguo ukapatikana. Zawadi ilikuwa Bitcoin 6.6, kwa bei ya siku zile karibu dola 380,000, takriban shilingi milioni 49.

Aliyeupata hakuzila.

Sababu yake inafundisha kuliko ushindi wenyewe. Anwani ya Bitcoin ni muhtasari wa ufunguo wa hadhara, na ufunguo wa hadhara unatokana na ule wa siri. Sarafu zikiwa zimelala, dunia inaona muhtasari tu. Mwenye ufunguo anapotaka kuzihamisha ni lazima aonyeshe ufunguo wa hadhara, na muamala wake unakaa kwenye foleni mpaka uingizwe katika bloku, yaani fungu la miamala, jambo linalochukua kama dakika 10 kwa wastani. Kwa ufunguo wa kawaida hilo halina hatari. Kwa ufunguo wa biti 66 ni hatari tupu, kwa sababu mwaka 1978 mwanahisabati Mwingereza John Pollard alieleza mbinu iitwayo ya kangaruu, ambayo ukiipa ufunguo wa hadhara na mipaka ya uwanja haihitaji kupitia kila nambari. Inahitaji hatua zinazokaribia kipeuo cha pili cha idadi yote. Kile kilichohitaji miaka 1,100 kinakuwa kazi ya hatua bilioni kadhaa, na hiyo kwa mashine nzuri ni suala la sekunde. Programu zilizokuwa zikivizia foleni ziliuona muamala, zikakokotoa ufunguo wa siri, zikatuma muamala mbadala wenye ada kubwa zaidi. Wachimbaji, wale wanaoingiza miamala kwenye bloku, wakachukua wenye ada kubwa. Kazi ikawa ya mmoja na pesa zikawa za mwingine, na hakuna kituo cha polisi ambacho mtu angeenda kuandikisha ripoti.

Linganisha na John Cantrell, mtaalamu wa programu wa Marekani. Mwaka 2020 mwekezaji Alistair Milne alitangaza angetoa Bitcoin 1 kwa kuficha maneno 12 yanayofungua pochi yake, akitoa vidokezo kidogo kidogo. Maneno ya aina hii huchaguliwa kutoka orodha maalumu ya maneno 2,048. Cantrell alipopata manane aliacha kusubiri vidokezo. Alipiga hesabu: maneno manne yaliyobaki, baada ya kuondoa michanganyiko isiyokubalika kikanuni, yaliacha kama trilioni 1.1 za kujaribu. Aliandika programu, akakodi kadi za grafiki za watu wengine kupitia mtandao kwa mamia machache ya dola, na baada ya saa 30 hivi, mwezi Juni, akapata jibu. Kisha akafikiria mapema namna ya kuichukua zawadi: alilipa ada ya Bitcoin 0.01, kubwa kupita kiasi kwa muamala kama ule, ili asipitwe na mtu mwingine aliyekuwa karibu kufika.

Cantrell hakutegemea bahati. Alijua ukubwa wa uwanja kabla ya kuingia, akajua gharama ya kuumaliza, akaona kwamba gharama ni ndogo kuliko zawadi, na akajua mwisho wa njia ulivyo. Hesabu hiyo yote ingefanyika kwenye daftari la mwanafunzi wa kidato cha nne: 2,048 kwa kipeo cha nne, igawe kwa 16, kisha gawa kwa kasi ya mashine. Ni logarithimu na vipeo, mada ambazo walimu huulizwa kila mwaka zina faida gani.

Kuna na mafumbo yaliyotaka jicho kuliko mashine. Mchoraji Marguerite deCourcelle wa Marekani alitoa mwaka 2015 mchoro wa njiwa, funguo na ndimi za moto, akaficha ndani yake njia ya kufikia Bitcoin 4.87. Watu wengi walijaribu wakashindwa. Mapema 2018 mtu mmoja aligundua kwamba ndimi za moto zinazozunguka mchoro, kwa urefu, upana na rangi zake, zilikuwa biti, akazisoma mmoja baada ya mwingine, na zawadi iliyokuwa na thamani ndogo ilipowekwa ikawa karibu dola 50,000.

Mswahili hahitaji kuelezwa utamu wa jambo hili. Kitendawili, tega, na aliyeshindwa anatoa mji. Washairi wa Mombasa tangu enzi za Muyaka bin Haji wamefumbiana na kujibizana kwa tungo, na kurasa za ushairi za magazeti yetu zimekuwa na mafumbo yanayosubiri malenga wayafumbue wiki ijayo. Kuna tofauti moja kubwa. Katika kitendawili, mwamuzi ni yule aliyetega. Akikataa jibu lako, limekataliwa. Katika fumbo la usimbaji hakuna mwamuzi. Ufunguo ukiwa sahihi kufuli linafunguka, awe ameushika profesa wa Cambridge au binti wa Githurai aliyeacha shule kwa karo. Katika nchi ambako matokeo ya mitihani hushukiwa na nafasi za kazi huzungumzwa kwa minong'ono, mtihani usioweza kuhongwa si kitu kidogo.

Ila kuna fumbo jingine kubwa kuliko haya, linalochezwa mchana na usiku tangu Januari 2009, na ndilo linalowachanganya wengi. Uchimbaji wa Bitcoin wenyewe ni mashindano ya kutafuta nambari ambayo, ikichanganywa na orodha ya miamala na kupitishwa kwenye hesabu iitwayo heshi, itatoa jibu lililo chini ya kiwango fulani. Anayeipata kwanza analipwa. Malipo yalianza na Bitcoin 50, yamekuwa yakikatwa nusu kila baada ya miaka minne hivi, na tangu Aprili 2024 ni 3.125. Hapa akili haisaidii. Hakuna njia ya mkato iliyopatikana. Ni kujaribu tu, na anayejaribu mara nyingi zaidi kwa umeme wa bei ya chini ndiye anayekula.

Kijana akisikia hivyo hutamani mashine yake. Achukue kalamu kwanza. Mashine ya Antminer S19 Pro hula wati 3,250, yaani yuniti 78 kwa siku. Tukikadiria shilingi 25 tu kwa yuniti, hizo ni shilingi 1,950 kila siku, zaidi ya 58,000 kwa mwezi, kwenye jengo ambalo nyaya zake zilipangiwa balbu, televisheni na pasi. Na kwa nguvu ya mtandao ya mwishoni mwa 2024, mashine moja ikichimba peke yake ingesubiri kwa wastani zaidi ya karne moja kupata bloku moja. Ikijiunga na kundi itapata vichele kila siku, vichele ambavyo bili ya stima ingevimeza.

Walioweza mchezo huu katika ukanda wetu ni wale walioanzia kwenye umeme. Kampuni ya Gridless, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2022 na Erik Hersman, Janet Maingi na Philip Walton, inaweka mashine zake kando ya mitambo midogo ya umeme vijijini, ile inayozalisha kuliko wateja wanavyoweza kununua. Umeme ambao ungepotea unachimba Bitcoin, na mapato yanasaidia mtambo kujiendesha. Desemba mwaka huohuo ilipata dola milioni 2 kutoka kwa wawekezaji wakiwemo Stillmark na kampuni ya Block ya Jack Dorsey. Mashariki ya Kongo, hifadhi ya Virunga inayoongozwa na Emmanuel de Merode ilianza kuchimba mwaka 2020 kwa umeme wa maji wa kituo cha Luviro, wakati watalii walipotoweka kwa vita, Ebola na kisha korona, na fedha hizo zikasaidia kulipa mishahara ya askari wa wanyamapori. Hiyo ni hadithi ya maji yanayoshuka mlimani na watu waliojua la kuyafanyia. Ruiru ina haki ya kuielewa kuliko miji mingi: maporomoko ya mto Ruiru ndiyo yaliyoiangazia Nairobi kwa umeme wa maji mwanzoni mwa karne iliyopita. Leo stima zinafika mjini humu kupitia gridi ya taifa kwa bei ya taifa, na faida hiyo haipo tena.

Basi mtu wa kawaida akiambiwa kuna fumbo lenye zawadi, ana maswali machache ya haki. Aliyelitega ameacha njia ya kupita, kama Milne na deCourcelle, au ni uwanja mtupu wa kubahatisha? Uwanja una ukubwa gani, na gharama yake ni ipi? Na la tatu, lililo la kwanza kwa umuhimu: kuna mtu yeyote anayeomba pesa kabla?

Swali hilo la tatu limewaliza watu wengi. Mtego unaosambaa siku hizi umefanywa kwa ustadi wa kutisha. Mtu anajifanya mgeni asiyejua, anaandika hadharani maneno yake 12 ya siri, akiomba msaada wa kuhamisha dola za kidijitali zilizokwama kwenye pochi yake. Anayeyasoma hudhani ameokota. Anaingiza maneno, pochi inafunguka kweli, na ndani anaona dola hizo, ziitwazo USDT, za maelfu. Tatizo ni moja tu: kuzitoa kunahitaji ada ndogo katika sarafu nyingine, TRX, ambayo pochi haina. Anatuma ya mfukoni mwake, shilingi elfu moja au mbili. Ikifika, inahamishwa papo hapo kwenda pochi ya tapeli. Zile USDT hazikuweza kutoka hata siku moja, kwa sababu pochi imewekwa ihitaji idhini ya ufunguo wa pili ambao maneno yale hayaufungui. Tapeli ametega fumbo linalofumbulika kwa dakika moja ili aliyefumbua ajione mwerevu, na tamaa ya kuchukua cha mwenzake inamziba mdomo baadaye. Ni vigumu kwenda kulalamika kwamba umeibiwa ukiwa katika harakati za kuiba.

Mji huu na jirani zake wamewahi kuumia kabla ya kripto kuja. Miradi ya upatu ya miaka ya 2006 na 2007, DECI ikiwa miongoni mwayo, iliwapotezea Wakenya zaidi ya shilingi bilioni 8, kwa mujibu wa jopo la serikali lililochunguza. Julai 2023 maelfu walipanga foleni KICC na kwingineko kupiga picha mboni za macho yao kwa mashine za Worldcoin, wakiahidiwa sarafu zenye thamani ya shilingi 7,000 hivi. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo siku chache baadaye, mapema Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaagiza data hizo zifutwe. Waliopanga foleni hawakuwa wajinga. Walikuwa na njaa na hawakuwa na mtu wa karibu wa kuwaeleza kinachotokea ndani ya ile mashine ya mviringo.

Mtu huyo wa karibu ndiye anayekosekana, na hapa ndipo lawama inapowafikia wenye nafasi. Kutoka Ruiru hadi Thika ni kilomita chache za barabara kuu ya njia nyingi, na kandokando yake kuna Zetech, kuna JKUAT pale Juja, kuna Mount Kenya University mjini Thika. Kila kimoja kinafundisha kompyuta. Wahitimu wao wanapita kwenye matatu zilezile na watoto wanaotapeliwa. Sheria nayo imeanza kufika: tangu Benki Kuu ilipotoa onyo lake la Desemba 2015, imechukua miaka 10 mpaka Bunge kupitisha Sheria ya Watoa Huduma za Mali Pepe ya 2025, inayoweka soko hili chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Ni hatua njema. Lakini sheria hiyo inashika makampuni yanayouza na kubadilisha sarafu. Haimfundishi mtu kutofautisha ufunguo na kufuli.

Pendekezo ni hili, na linawezekana muhula huu. Vyuo hivi vitege mafumbo yao wenyewe, hadharani, kwa Kiswahili, kila muhula, na yeyote ajaribu: mwanafunzi wa chuo, wa sekondari, fundi wa simu wa Kamakis, mama wa duka la dawa anayependa hesabu. Wapo Wakenya waliokwisha kuonyesha kwamba vijana huitikia. AfricaHackon na SheHacks KE, jumuiya ya wanawake wa usalama wa mitandao, zimekuwa zikikutanisha vijana kujifunza na kushindana katika kazi za aina hii, ila mikutano yao mingi hufanyika Nairobi, na huzungumza na mtu aliye tayari ndani ya fani.

Atakayesema hakuna pesa atazame historia. Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walipovumbua mfumo wa usimbaji unaobeba majina yao, mwandishi Martin Gardner alichapisha katika jarida la Scientific American ujumbe uliofumbwa kwa nambari moja ya tarakimu 129 na kuwataka wasomaji waufumbue, kazi iliyohitaji kuigawanya nambari hiyo katika nambari tasa zake mbili. Zawadi ilikuwa dola 100. Ilichukua miaka 17. Mwaka 1994 watu wapatao 600 wa mabara mbalimbali waliunganisha kompyuta 1,600 na kuufumbua, na elimu ya kugawanya nambari kubwa ikawa imesonga mbele kwa hatua ambazo wavumbuzi hawakuzitarajia. Kwa dola 100.

Mfano wa pili unagusa moja kwa moja sarafu hizi. Mwaka 2013 mtaalamu wa Bitcoin Peter Todd aliweka zawadi ambayo ingejifungua yenyewe kwa yeyote atakayeonyesha mafaili mawili tofauti yenye heshi moja ya aina ya SHA-1, iliyokuwa ikilinda mambo mengi mtandaoni. Februari 2017 watafiti wa Google na taasisi ya CWI ya Amsterdam walitangaza wamefanikiwa kupata mafaili hayo, na saa chache baadaye mtu mwingine akayatumia kuchukua Bitcoin 2.48 zilizokuwa zikingoja. Zawadi ile ilifanya kazi ya king'ora: siku inapochukuliwa, kila mtu anajua kufuli lile limevunjika na abadilishe.

Fumbo la Juja au la Ruiru halihitaji ukubwa huo. Anza na herufi zilizosogezwa, kama Kaisari wa Roma alivyofanya, lakini kwa sentensi za Kiswahili, ambamo herufi a imetapakaa kiasi kwamba mwanafunzi makini ataigundua kwa kuhesabu tu. Fuatisha na nambari za kugawanya. Kisha ufunguo wa biti 40, ambao kompyuta ya maabara inaweza kuumaliza ikipewa programu iliyoandikwa vizuri, na ambao ikipewa programu mbovu itahangaika nao mpaka muhula uishe. Malizia na lile somo la Septemba 2024: fumbo ambalo kulijibu hakutoshi, ni lazima mshindani apange pia namna ya kuchukua zawadi bila kupokonywa akiwa mlangoni. Majibu yachapishwe yote pamoja na makosa ya walioshindwa, kwa kuwa humo ndimo wa mwaka unaofuata watakapoanzia.

Kuhusu zawadi yenyewe, hakuna haja ya kuiweka kwenye sarafu ambayo bei yake hupanda na kushuka na ambayo kuibadilisha kuwa shilingi kunamrudisha mtoto kwa madalali. Kinachofungwa kinaweza kuwa nambari ya vocha tu, iliyofumbwa kwa ufunguo ambao fumbo linauficha. Anayeupata anaituma chuoni na kulipwa kwa M-Pesa, shilingi 10,000 au karo ya muhula. Heshi ya jibu itangazwe siku ya kwanza, ili chuo kisiweze kulibadilisha na kila mtu aweze kuhakiki mwenyewe kwa simu yake kwamba mshindi alishinda. Wahadhiri wa kuandaa hilo wapo, maabara zipo, na mwaka wa masomo una nafasi ya angalau mafumbo mawili.